Namna ya kukusanya na kutunza rekodi za viumbe wa bahari: mwongozo kutoka Mtwara

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia kuhamisha stoo ya ofisi moja hapa mjini. Nyuma ya marundo ya nyavu chakavu kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake chupa arobaini na kitu zenye samaki, kaa na konokono wa baharini. Kila chupa ilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa nyeupe pe. Aliyeziandika alitumia kalamu ya wino ya kawaida, spiriti ikala maandishi yote. Nilimgeuzageuza kaa mmoja kwenye mwanga wa mlango nikitafuta japo herufi moja, nisiione. Mtu alilowa, akaungua na jua, akanunua mafuta ya boti, na leo hakuna anayeweza kusema kama kaa yule alitoka Msimbati au Sudi. Zilimwagwa zote.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kufanya kazi hii ili mtu ambaye hakuwepo, hata akija miaka ishirini baadaye, aisome rekodi yako na kuielewa. Nawaandikia hasa wanachama wa BMU (vikundi vya kijiji vya kusimamia rasilimali za uvuvi), walimu, wanafunzi na vijana wa pwani hii kuanzia Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma. Vifaa vingi vinapatikana dukani na kwa fundi seremala.

Swali kwanza, ruhusa pili

Kabla ya kushuka majini, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari swali moja unalotaka kulijibu. Liwe swali ambalo hata mvuvi angeuliza: je, pweza wa Msangamkuu wanazidi kuwa wadogo? Je, nyasi za bahari zinarudi pale ambapo kokoro limekoma kuburutwa? Swali ndilo litakaloamua upime nini na urudi mara ngapi. Bila swali utakusanya kila kitu mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu utakuwa umechoka.

Kisha ruhusa. Anza na serikali ya kijiji na BMU ya mahali hapo. Kwa utafiti rasmi unahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiingia kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye kilomita za mraba 650 hivi, unahitaji pia kibali cha wasimamizi wa hifadhi. Kasa na nguva wanalindwa na sheria: usichukue hata kipande cha gamba. Ukimkuta kasa aliyekufa ufukweni, mpige picha, mpime urefu wa gamba, andika mahali na saa, toa taarifa, basi. Matumbawe nayo yaache yalipo.

Iko ruhusa nyingine isiyo na mhuri, nayo ni ya wenyewe wanaovua pale. Nenda dikoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, siku mbili tatu bila daftari. Waamkie wazee, saidia kuvuta mtumbwi, waeleze unataka nini na takwimu zitakwenda wapi. Waahidi mambo mawili na uyatimize: jina la mvuvi halitaandikwa, atapewa namba, na mwamba wake wa siri hautatangazwa.

Maji na saa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo rekodi nyingi za pwani yetu zinapoharibika.

Kazi ya kutembea kwenye mwamba au kwenye nyasi hufanyika wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Wakati huo maji hupwa mbali, na kwetu huku hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Yanajaa mnamo saa kumi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, usijisumbue kwenda kupima, utasimama kwenye maji ya kiuno na usione kitu. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Mtwara, uchague tarehe za mwaka mzima mapema, na ufike angalau saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa. Ukifika yakiwa yameanza kurudi, umechelewa.

Sasa tazama mtego. Wewe unaandika "saa 4:00", ukimaanisha saa nne asubuhi. Mtu wa Dar es Salaam anaingiza kwenye kompyuta 4:00, na kompyuta inaelewa alfajiri, saa kumi ya kwetu. Saa hiyo, siku ya bamvua, maji yamejaa. Rekodi yako sasa inadai kwamba akina mama watano walikuwa wakichokoa pweza kwa miguu gizani, juu ya mwamba uliofunikwa na maji ya mita tatu. Nimeyaona makosa haya mwenyewe kwenye faili la miezi saba, na ilibidi tuketi na jedwali la maji kukisia ipi ni saa ya Kiswahili na ipi ni ya kimataifa. Nyingine hatukuweza kuziamua.

Kwa hiyo weka kanuni moja na usiivunje: kwenye daftari andika saa ya tarakimu 24, kama 10:00 au 22:00, na juu ya kila ukurasa andika "saa za Afrika Mashariki". Mdomoni endelea kusema saa nne. Tarehe nayo iandikwe mwaka, mwezi, siku: 2024-03-11. Ukiandika 11/03 mwingine atasoma Novemba.

Andika pia upepo. Kusi na kaskazi si habari ya mabaharia tu. Wakati wa kusi kali mitumbwi midogo haitoki, samaki hupungua dikoni, na asiyejua atadhani samaki wamekwisha baharini.

Kupima nyasi za bahari

Hii ndiyo kazi nzuri ya kuanzia, kwa kuwa haihitaji kuzamia. Tandaza kamba tatu za mita 50 kutoka upande wa ufukwe kwenda upande wa bahari, zikipishana kwa mita 25. Kwenye kila kamba, kuanzia sifuri, weka fremu ya mraba ya sentimita 50 kila baada ya mita 5. Utapata fremu 11 kwa kamba, 33 kwa jumla. Ndivyo Seagrass-Watch, mtandao wa wapimaji wa nyasi za bahari, wanavyofanya sehemu nyingi za dunia, na kuwafuata kuna faida: takwimu za Mikindani zinaweza kuwekwa kando ya za Australia na kulinganishwa.

Fremu tengeneza kwa bomba la plastiki la maji, toboa matundu ili ijae maji na kuzama. Simama upande mmoja wa kamba tu, usikanyage utakapopima. Piga picha ya fremu kwa juu kabla ya kugusa chochote, kisha kadiria asilimia iliyofunikwa na nyasi, aina zilizomo, urefu wa jani, na viumbe unaowaona, kama jongoo bahari, kiti cha pweza au kaa. Wawili wakadirie bila kusikilizana, halafu walinganishe. Mkitofautiana sana, tazameni tena pamoja.

Kuandikia, kata bomba jeupe pana kiasi cha kuvaa mkononi kama kikuku kirefu, lisugue kwa msasa, na ufunge penseli kwa uzi. Maandishi ya penseli kwenye plastiki iliyosuguliwa hayafutiki na maji ya chumvi. Ukifika nchi kavu nakili kwenye daftari, piga picha bomba lenyewe, ndipo ufute.

Dikoni: kumpima pweza

Rekodi ya mavuno ina nusu ya thamani kama haina juhudi iliyotumika. Kilo thelathini za pweza zilizoletwa na akina mama watatu kwa saa mbili, na kilo thelathini zilizoletwa na watu kumi na tano kwa asubuhi nzima, ni habari mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kila unapoandika uzito, andika watu wangapi, saa ngapi, chombo gani, zana gani: mchokoo, mkuki, mshipi, dema, jarife. Anayerudi mikono mitupu naye aandikwe. Ukiwaacha waliokosa, takwimu zako zitaonyesha neema siku zote.

Pweza mwenyewe anapimwa hivi. Mwinue umwache achuruze maji yaliyo ndani ya kichwa, maana hayo peke yake hudanganya mizani. Sifurisha mizani na kapu tupu likiwa limening'inia. Pima uzito, kisha urefu wa kichwa kuanzia katikati ya macho hadi nyuma. Usipime mkono, unavutika kama mpira. Halafu jinsia: mlaze kana kwamba anakwenda mbele, macho yako juu yake, uhesabu mikono ya kulia kuanzia mbele. Wa tatu ndio unaosema. Kwa dume vikombe vya kunyonyea havifiki nchani. Mwisho pana kijincha laini, chenye mfereji mwembamba unaoteremka ubavuni mwa mkono. Kwa pweza wetu kijincha hicho ni kidogo mno, kukiona kwa jicho si rahisi, kwa hiyo kipapase kwa kidole gumba. Kama ncha imekatika au inaota upya, andika "haijulikani". Usibahatishe.

Mama mmoja wa Msangamkuu, ambaye huchokoa pweza tangu kabla sijazaliwa, aliniona nikihangaika na ncha ile. "Mwanangu, wewe unatafuta kwa macho," akaniambia. Akapitisha gumba lake mara moja tu. "Huyu dume. Andika." Tangu siku ile yeye ndiye anayefundisha wapimaji wapya.

Pweza wa chini ya nusu kilo hawaruhusiwi, na wengine watakuficha. Ukianza kuwakemea, kesho hutaonyeshwa hata mmoja, na rekodi itaanza kusema uongo. Mpimaji na askari wasiwe mtu mmoja.

Majina

Andika jina kama mvuvi alivyolitamka, kisha jina la kisayansi kama una hakika. Yote mawili. Tasi karibu kila mara atakuwa *Siganus sutor* na nguru ni *Scomberomorus commerson*, lakini "changu" ni jina la ukoo mzima, na "chewa" vilevile. Ukijua kwamba ni changu tu, andika *Lethrinus* na uishie hapo. Aina iliyokisiwa ni mbaya kuliko iliyoachwa wazi, kwa sababu anayekuja nyuma hatajua kwamba ulikisia. Tahajia ya majina ya kisayansi hakiki kwenye WoRMS, orodha ya dunia ya majina ya viumbe wa bahari, inapatikana bure mtandaoni.

Kila samaki mgeni apigwe picha akiwa amelala kichwa kushoto, mapezi yamekunjuliwa, rula na karatasi ya namba vikiwa ndani ya picha hiyohiyo. Rangi za samaki hufifia ndani ya dakika chache, kwa hiyo picha kwanza, stori baadaye.

Mahali

Simu nyingi zina GPS inayotosha. Iweke isome digrii za desimali na uandike tarakimu nne baada ya nukta. Hiyo hufikia mita kumi na moja hivi. Mtwara mjini ni karibu -10.27, 40.18. Ile alama ya kutoa ndiyo kusini mwa ikweta. Ukiisahau, samaki wako wamevuliwa nchi kavu huko Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za namba, wamehamia Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ureno. Dakika mbili za kutazama ramani kabla ya kulala zinatosha kulinasa kosa hilo. Na usiache kuandika jina la mahali kwa maneno, kama wenyeji wanavyoliita, pamoja na kina na aina ya sakafu: mchanga, tope, mwamba, nyasi.

Sampuli za kuhifadhi

Chukua kiumbe pale tu picha isipotosha na kibali kikiruhusu. Mmoja akitosha, chukua mmoja.

Samaki: formalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya formalini ya dukani na sehemu tisa za maji ya bahari, na kijiko cha chai cha borax kwa kila lita ili isiwe na ukali wa asidi. Samaki aliyezidi kiganja mpasue kidogo tumboni upande wa kulia, dawa iingie. Upande wa kushoto ubaki mzima kwa ajili ya picha. Mdogo akae siku chache, mkubwa wiki moja hadi mbili. Kisha mlowekee maji baridi siku kadhaa ukiyabadilisha, ndipo umhamishie kwenye spiriti safi ya asilimia 70. Ukiwa na spiriti ya 95, mimina mililita 740 na ujazie maji mpaka lita moja. Formalini ni sumu na husababisha saratani: vaa glavu na miwani, fanya kazi nje penye upepo, watoto wakae mbali.

Vinasaba vikihitajika, kata kipande cha nyama kama punje ya mahindi kabla ya formalini, ukitie kwenye spiriti ya 95, na uibadilishe kesho yake. Jongoo bahari, sponji na viti vya pweza usiwatie formalini kabisa. Nenda moja kwa moja kwenye spiriti. Asidi hula vile vijifupa na magamba ya chokaa ambayo wataalamu huwatambulia. Mwani ukandamize kati ya magazeti, juu yake kitambaa cha pamba, na ubadilishe magazeti kila siku hadi ukauke.

Thamani ya chupa moja ya formalini ilionekana mwaka 1938. Tarehe 22 Desemba, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer aliyesimamia makumbusho madogo alimkuta kwenye shehena ya meli ya uvuvi samaki ambaye dunia iliamini alikwisha kutoweka zamani za kale. Alikuwa silikanti. Hakupata formalini ya kutosha wala jokofu la kumweka, joto la Desemba likamshinda, na sehemu za ndani zikatupwa. Kilichomwokoa ni ngozi iliyokaushwa, na mchoro alioutuma kwa mtaalamu J.L.B. Smith. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, baada ya miaka kumi na minne, na ndipo wataalamu wakaweza kuutazama mwili wake kwa ndani. Silikanti wa kwanza kurekodiwa Tanzania alitoka Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Kwa hiyo mkazi wa Lindi anayesoma haya asidhani mambo makubwa huvuliwa kwingine.

Lebo iingie ndani ya chupa, pamoja na kiumbe. Iliyobandikwa nje hubanduka. Tumia penseli ya HB kwenye karatasi nene isiyoloa, na uandike hivi:

MTW-2024-03-11-07
Msangamkuu, Mtwara, Tanzania
-10.2514, 40.2063, mwamba, kina mita 0.5
2024-03-11, 10:20 saa za Afrika Mashariki
Kwa mkono, maji ya bamvua. Mkusanyaji: (herufi za jina)

Namba hiyohiyo iwe kwenye daftari, kwenye picha na kwenye kompyuta. Chupa ziwe na vifuniko vya plastiki, vya bati huliwa na kutu mwaka mmoja tu kwenye hewa yetu.

Usiku huohuo

Usilale kabla hujapiga picha kila ukurasa. Kisha ingiza kwenye jedwali la kompyuta: mstari mmoja kwa kila kiumbe au kila fremu, kisanduku kimoja kitu kimoja. Usiunganishe visanduku, usiweke rangi kuwa na maana. Na tofautisha sifuri na tupu. Sifuri ni "tulitafuta, hatukumwona". Tupu ni "hatukutafuta". Mwaka 1998, matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipopauka kwa joto, waliokuwa na vipimo vya kabla ndio walioweza kusema kiasi gani kimekufa. Kwenye rekodi yenye visanduku vitupu hakuna anayeweza kulijua hilo.

Kutunza miaka ishirini

Maadui wa daftari huku ni mchwa, mende, unyevu na chumvi. Liweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, juu ya rafu, si sakafuni, na vifuko vya kukausha unyevu ndani. Chupa zikae gizani, na kila miezi mitatu ongeza spiriti iliyopungua.

Faili liwe na nakala tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, moja ikiwa mbali na pwani. Aprili 2019 Mtwara nzima ilijiandaa kwa kimbunga Kenneth, kikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, jirani kabisa hapo ng'ambo. Wengi wetu siku ile tulikumbuka kuokoa godoro. Hifadhi faili kama CSV, ambayo programu yoyote itaifungua hata miaka mingi ijayo, na kando yake andika ukurasa mmoja wa maelezo: kila safu ina maana gani, kipimo ni gramu au kilo, nani alipima, kwa njia gani.

Nakala ipeleke pia penye taasisi: TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar. Kupitia kwao inaweza kuingia OBIS, hazina ya dunia ya rekodi za viumbe wa bahari. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ilipima maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983. Meli mpya yenye jina hilohilo ilipokuja 2018 palikuwa na cha kulinganisha, kwa kuwa kuna waliotunza karatasi zile. Kabla ya kutuma, punguza usahihi wa mahali kwa viota vya kasa na kwa jongoo bahari wa bei kubwa. Desimali moja inatosha kwa msomaji, na mwizi hatafaidika nayo.

Nakala nyingine irudi dikoni. Kila mwisho wa msimu wa kusi tunakaa chini ya mwembe, ninasoma namba kwa sauti, na watu wanazisahihisha. Mara ya mwisho mama yule wa Msangamkuu alinisimamisha kwenye siku moja ya Julai. Nilikuwa nimeandika watu wanne mwambani. Yeye akasema walikuwa sita, wawili walipitia upande wa mikoko, nami sikuwaona. Kosa kama hilo halifutwi. Lipige mstari mmoja ili lile la awali lisomeke, andika 6 kando yake, tarehe ya kusahihisha, herufi za jina lako, na maneno "kwa ushahidi wa mvuvi namba 12".